Mgeni Rasmi Amefika Gede: Klabu Yenu Iko na Maswali, Ama Iko na Viti Tu?

Kuna kazi moja Pwani haijawahi kukosa watu: kazi ya kuwa mgeni rasmi. Na kutoka sasa hadi Agosti 10, 2027, siku ya kupiga kura, hiyo kazi itakuwa na foleni kuliko stendi ya matatu Malindi ikifika jioni. Kama uko kwa kikundi chochote cha vijana Gede, Watamu, Mida, Matsangoni ama Msabaha, jipange. Kuna mtu mahali tayari anaprinti tisheti za kukuletea.

Hii stori inahusu klabu za mtaa. Ziite vile unataka: klabu, kikundi, chama, mbogi, base. Ni zile Jumapili mnachanga mia mia, mnacheza ligi ya mtaa, mnafanya usafi sokoni, mnapiga mwanzele kwa harusi, halafu mara moja kwa miezi kadhaa mnaita mtu aje "kuongea na vijana." Swali letu leo ni simpo. Huyo mtu anakuja kuongea nini, na nyinyi mnabaki na nini akishahepa?

Fomu hukuwanga hivi

Unajua hii sinema. Kadi inasema saa nne asubuhi. Hema imesimama, viti vya plastiki vimekodishwa, spika zinapiga ngoma tangu saa mbili. Mhesh anafika saa nane na dinga tatu. Kabla yake wanaongea chifu, mzee wa mtaa, mwenyekiti, katibu, na msee mmoja ambaye hakuna anayejua anawakilisha nani. Mhesh anachukua maiki, anasalimia kwa Kigiriama ndio watu wapige makofi, anasema "vijana ni viongozi wa leo," anaahidi jezi, mpira na kitu ya maji. Picha. Bahasha. Dinga tatu zimegeuka.

Hapo maswali yaliulizwa mangapi? Mara nyingi ni zero. MC anasema "muda umetubana, mhesh ako na mkutano mwingine." Na mkutano mwenyewe ni kama huu tu, hapo mbele Matsangoni.

Usinicheki vibaya. Jezi si mbaya, na kijana akikula wali siku hiyo ni poa. Lakini tukifanya hesabu, klabu imetoa masaa manne ya watu themanini ikapata mipira miwili. Mhesh ametoa dakika kumi, akapata picha themanini za kampeni. Nani alimchezea mwenzake?

Pwani ilikuwa na mgeni mwingine kabisa

Watu husema hii tabia ni ya kwetu, eti ndivyo tulivyo. Zii. Mwaka wa 1913 hapa hapa kwa Wagiriama kulikuwa na mama anaitwa Mekatilili wa Menza. Wazungu walikuwa wanataka kodi, na walitaka vijana waende kufanya kazi kwa mashamba yao. Mekatilili hakuwa na spika wala hema. Alichukua kifudu, ngoma ya matanga, akazunguka nayo mtaa kwa mtaa. Watu walikam juu ya ngoma, wakabaki juu ya maneno.

Cheki hiyo formula vizuri. Shughuli ya kikundi ndiyo iliyoleta watu, na yule anayeongea aliwaambia kitu kinachowahusu, wakakubaliana la kufanya. Serikali ya mkoloni ilishtuka mpaka ikamkamata Oktoba 1913 na kumpeleka Kisii pamoja na Wanje wa Mwadori Kola. Mwaka uliofuata walitoroka na kurudi nyumbani kwa miguu. Kisii hadi Kilifi, bila boda. Hakuna mtu huogopa klabu ya kupiga picha hivyo. Huogopwa klabu yenye watu wanaskiza, wanauliza na wanaamua.

Uyombo: vile maswali hufanya kazi

Kama unadhani hiyo ni historia ya kizamani, songa kilomita chache tu hadi Uyombo, pale karibu na Mida Creek. Serikali ilikuwa na mpango wa kujenga kiwanda cha kwanza cha nyuklia Kenya hapo, cha megawati 1,000, ujenzi uanze 2027 na stima ianze kutoka 2034. Wageni walikuja kweli kweli, wataalamu na maofisa wa shirika la nyuklia la serikali, NuPEA, na mazungumzo ya kazi na maendeleo.

Sasa ile tofauti ni hii: wasee wa Uyombo hawakupiga makofi ndio waende nyumbani. Waliuliza. Taka za nyuklia zitawekwa wapi? Wavuvi wataenda wapi? Mikoko na kasa wa Watamu watakuwaje? Tukihamishwa, cheti cha shamba tunacho? Hilo la mwisho ni noma zaidi, juu Kilifi watu wengi wanaishi kwa ardhi bila karatasi. Vikundi vya wavuvi, vya kina mama, vya mazingira, wote walikuwa na swali lao.

Haikuwa rahisi. Mei 2024 maandamano ya Uyombo yaliingia vurugu na polisi na watu wakaumia. Lakini kufikia 2025 mazungumzo ya nyuklia yalikuwa yameelekea Siaya. Mtu anaweza kukuambia Kilifi ilipoteza kazi na stima, na hiyo ni hoja ya kuheshimu. Kuna vijana hapa wangetaka hizo kazi. Ila hata ukiwa upande huo, kubali kitu moja: mradi wa mabilioni ulibidi ujibu maswali ya watu wanaouza samaki. Hiyo ni nguvu ambayo tisheti haikupi.

Shakahola: vile kukosa maswali huua

Upande wa pili wa hii stori ni mzito, na sisi wa huku hatuwezi kuuruka. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi msitu wa Shakahola, kaunti yetu hii hii. Miili zaidi ya 400 ilitolewa. Paul Mackenzie, mhubiri wa Malindi ambaye mahubiri yake yalirushwa kwa TV na YouTube, alishtakiwa pamoja na wenzake, na walikana mashtaka. Korti ndiyo itasema kuhusu hatia.

Lakini sisi tunaweza kusema kuhusu mkao. Mkao ni ule ule: mtu mmoja ameshika maiki, wengine wote wameketi, na kuuliza kunaonekana ni kukosa adabu, ama kukosa imani. Tumelelewa hivyo. Shuleni ukiuliza sana unaitwa mjuaji. Nyumbani ukimkatiza mzee unaitwa mkorofi. Kwa base, ukimuuliza mhesh swali ngumu, mwenyekiti anakutolea macho juu unaharibu bahasha.

Heshima ni kitu poa, na hakuna anayesema mtukane wageni. Mtu wa Pwani anajua kuuliza kwa ustaarabu: "Shikamoo mzee, tumekuelewa, ila tungependa kujua hili." Hiyo sentensi moja ingekuwa kawaida kwa kila mkusanyiko, kanisani, msikitini, kwa klabu, ingekuwa ngumu sana kwa mtu yeyote kubeba watu wazima kama mizigo.

Muguka iliingia bila kubisha, ikatoka bila kubisha

Mfano mwingine wa karibu. Mei 2024 Mombasa ilipiga marufuku muguka, na Kilifi ya Gavana Gideon Mung'aro ikafuata. Wakulima wa Embu wakawaka, korti huko ikasimamisha amri. Wiki nzima Kenya ilikuwa inabonga kuhusu vijana wa Pwani: tumelewa, tumepotea, hatutaki kazi. Kila mtu aliongea kutuhusu, magavana, mawakili, wakulima, wabunge.

Sasa klabu ngapi ziliita daktari wa akili aeleze muguka hufanya nini kwa ubongo? Ngapi ziliita muuzaji wa kibanda aseme anapata ngapi kwa siku na angefanya nini ikifungwa? Hiyo ingekuwa sesheni ya moto kuliko mhesh yeyote, na haihitaji hata hema. Mnakaa chini ya mwembe, mtu wa afya kutoka hospitali anakam, mnauliza.

Wageni wa maana mko nao hapa hapa

Hii ndio sehemu inauma. Tunasafirisha mgeni kutoka Nairobi na tuna watu wenye madini pua na mdomo.

Anza na Gedi yenyewe, yale magofu unayapita kila siku ukienda Watamu. Julai 2024, kwa mkutano wa UNESCO huko New Delhi, ule mji wa kale uliingia kwa orodha ya Urithi wa Dunia. Kenya iko na sehemu nane tu kwa hiyo orodha wakati huo ukihesabu Gedi. Ni mji uliokuwa na msikiti mkubwa, kasri, vyoo na visima, na kaburi lenye tarehe inayolingana na mwaka 1399. James Kirkman alipoanza kuchimba 1948, kulitoka vyombo vya China na bidhaa za mbali zingine. Yaani babu zetu wa hapa walikuwa wanafanya biashara na China bila simu, na wewe unasema Gede ni ocha.

Hiyo ndio stori. Biashara sasa: cheo kama hicho hubadilisha nini kwa kijana wa hapa? Waongozaji watachaguliwa vipi? Tiketi inaenda wapi? Kujenga karibu na magofu kutakuwa na masharti gani? Makavazi ya Taifa ndio wanasimamia, na ofisi iko hapo ndani. Mtu wa kujibu haya anatembea kwa miguu hadi kwa klabu yenu. Mumeshawahi kumwita?

Mgeni wa pili ni mkulima wa vipepeo. Mradi wa Kipepeo ulianza 1993 hapo hapo Gede. Wakati huo wasee wengi wanaopakana na Arabuko-Sokoke walikuwa wanaona msitu kama ardhi imekaliwa bure na nyani na ndovu wanaokula mahindi yao. Kipepeo ikaleta fomu: mkulima anashika vipepeo wachache, wanataga mayai, anakuza viwavi nyumbani kwa miti yao ya chakula, wakishakuwa mabuu mradi unanunua na kutuma ng'ambo kwa nyumba za maonyesho ya vipepeo. Ghafla msitu ukawa na faida bila kukatwa. Na msitu wenyewe ni kitu kubwa, kama kilomita mraba 420, mkubwa kuliko wote uliobaki wa aina yake kwa Pwani ya Afrika Mashariki.

Lakini mwite huyo mkulima umuulize na ile upande mwingine. Buu halingojei, likikaa linakuwa kipepeo na hasara ni yako. Kwa hivyo biashara nzima inategemea ndege. Machi 2020 Kenya ilisimamisha ndege za kimataifa za abiria juu ya korona hadi Agosti 1. Muulize alikula nini hiyo miezi. Hapo mtajifunza kuhusu soko moja, mnunuzi mmoja na hatari yake kuliko semina yoyote ya "ujasiriamali" yenye projekta na chai.

Mgeni wa tatu ni wale wa Mida. A Rocha Kenya wako na mradi unaitwa ASSETS, ulianza 2001: pesa za watalii wanaotembea kwa daraja la mbao kwenye mikoko zinasaidia kulipa karo ya sekondari ya watoto wa familia zinazoishi karibu na msitu na creek. Ukiwa kwa klabu ya watu waliotolewa shule na karo, na tuko wengi, mimi mwenyewe chuo niliiacha katikati, hiyo stori ya vile mikoko inalipa shule si stori ya watalii tena.

Na wa nne ni wazee. Kilifi tumekuwa na aibu ya wazee kuuawa wakiitwa wachawi, na mara nyingi nyuma ya hayo maneno kuna shamba linagombaniwa. Klabu ikimwita mzee aketi na vijana aelezee mipaka ya shamba, ukoo na historia, huyo mzee anakuwa na sura na jina kwa vijana. Ni ngumu kumwita mchawi mtu aliyewachekesha Jumapili.

Sasa tuongee kuhusu bahasha

Kuna msee atasema: "Wewe unabonga tu, sisi tuna njaa. Mkulima wa vipepeo ataacha ngapi?" Poa, hiyo ni haki yake. Tusijifanye watakatifu.

Ila angalia vile nchi imekuwa ikipigana na hii kitu. Julai 2024, baada ya maandamano ya Gen Z, Rais Ruto alitangaza kuwazuia maofisa wa serikali na watumishi wa umma kushiriki harambee. Novemba mwaka huo huo, kanisa Katoliki jimbo kuu la Nairobi likakataa mamilioni ambayo Rais mwenyewe alikuwa ametoa kwa parokia moja ya Soweto, Kayole. Kanisa, lenye paa la kujenga, likasema zii. Wote wanajua kitu moja: anayelipa bendi ndiye anayechagua wimbo.

Kwa klabu ndogo, mimi sisemi mkatae kila kitu. Nasema muwe na sheria kabla dinga zifike:

- Maswali kwanza, zawadi baadaye. Mgeni ajibu angalau maswali matano, na mawili yawe ya wasichana. Ukiangalia sesheni nyingi, mamanzi wanapika, wanapanga viti, halafu maiki inazunguka kwa machali peke yao.
- Pesa yoyote itangazwe hapo hapo, iandikwe na mweka hazina, iingie kwa akaunti. Bahasha ya mfukoni ya mwenyekiti ndio imevunja vikundi vingi kuliko siasa.
- Ahadi iandikwe na tarehe. Asome mwenyewe kwa sauti, mrekodi kwa simu. Miezi mitatu baadaye mnamtumia hiyo video.
- Ukialika mmoja anayetaka kiti, alika na mpinzani wake, siku tofauti, muda sawa, maswali yale yale.

Mhesh akiona hizo sheria ahepe, basi mmejua kitu kumhusu bila gharama.

Kalenda ambayo hakuna mtu anakuambia

Kosa kubwa la klabu ni kuita watu wakati haina maana. Diwani akija Agosti kusema ataweka barabara na bajeti ilipita Juni, hiyo ni stori za jaba.

Shika hizi tarehe. Kila mwaka kufikia Septemba 1, kaunti inafaa kuwa imepeleka kwa bunge lake mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Mradi usipoingia hapo, kuupata pesa baadaye ni mlima. Februari 28 ni karatasi ya sera inayosema kila sekta itapata ngapi. Aprili 30 makadirio ya bajeti yanafika bunge la kaunti. Juni 30 inafaa kuwa imepitishwa. Kwa hivyo msimamizi wa wodi mwite Julai ama mapema Agosti. Diwani mwite Mei. Mkiwa na karatasi moja yenye vitu viwili tu, kama taa za soko la Gede na maji shuleni, mtasikizwa kuliko kikundi chenye orodha ya vitu thelathini.

Wakikataa kuja, bado mko na mkono. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandikia ofisi ya umma kuomba taarifa, na inakubali barua kwa Kiswahili. Wanafaa kujibu ndani ya siku 21. Wakinyamaza, kuna Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanaita Ombudsman. Barua haina nauli wala wali, na hakuna mwenye kusema muda umembana.

Na kama hamjajisajili, fanyeni. Chini ya sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022 mnahitaji watu kumi, katiba yenu na ofisi ya maendeleo ya jamii. Lakini jisajilini mkijua mnataka nini. Tumeona Hazina ya Vijana ikija 2006, Uwezo 2013, Hustler Fund Novemba 2022, na kila mara vikundi vinachipuka kama uyoga, mkopo ukikosa vinakauka. Kikundi kilichozaliwa kwa sababu ya pesa hufa nayo.

Mwisho wa siku

Klabu ya mtaa ndio chuo cha wale hatukumaliza chuo. Pale ndio wengi wetu tulijifunza kuhesabu pesa za watu, kusimama mbele ya umati, kupoteza mechi bila kupigana. Ikiwa hiyo nafasi itageuka kuwa hema ya kukodisha kwa kila mwenye dinga, tutakuwa tumeuza kitu ambacho hatuwezi kununua tena.

Agosti 2027 iko na njia yake ya kufika haraka. Hawa watu watakuja, hilo halina mjadala, na watakuja na tabasamu. Jumapili hii mkikutana, kabla ya mechi, chukueni daftari la hazina, fungueni ukurasa wa nyuma, mwandike maswali matano. Viti tunavyo tayari.